Mkoba wa Nyuma ya Kiti

Mvua ilianza watu wakiwa bado wamelala, na chai ilipochemka pipa la chini ya paa lilikuwa limeshajaa, linamwagika. Kwenye nyumba nyingine pipa likimwagika watu hukimbilia ndoo. Kwenye nyumba ile walikimbilia kayaki.

Maana kijito chenyewe, ungekiona siku za jua ungecheka. Mawe matupu na mijusi, mbuzi wanakatiza kwato kavu. Lakini mvua ikinyesha mlimani sawasawa, kinaamka na hasira zake, kinashuka kwa fujo asubuhi moja tu, halafu kinarudi kulala. Ukisema subiri nimalize hiki, umekikosa. Kwa hiyo pipa likimwagika, kila mtu anaacha alichoshika.

Shangazi aliacha suruali ya mwalimu mkuu ikiwa na mguu mmoja.

"Atavaa huohuo," alisema akiinuka kwenye cherehani. "Wa pili atafuata."

Baba alikuwa mlangoni anavaa viatu vya mpira. Yeye alikuwa fundi wa matangi ya plastiki. Tangi likipasuka anaitwa yeye, anayeyusha, anaziba, anakwangua. Kayaki zao tatu, vimtumbwi vya plastiki vya mtu mmoja mmoja, zote zilikuwa na makovu ya mkono wake.

"Dada," alisema bila kumtazama, "leo si utakaa na wifi yako kwenye gari? Mpige soga."

"Soga tumepiga mvua zote zilizopita. Zimeisha."

"Mimi nilidhani..."

"Acha kudhani. Tangu utoto ukidhani unaumwa kichwa."

Binti wa nyumba alicheka ndani ya kikombe. Huyo walimwita Kobe, kwa sababu akisemeshwa na mgeni shingo ilikuwa kama inaingia ndani. Shuleni aliwahi kukaa kimya hadi mwalimu mpya akauliza wenzake kwa huruma kama yule mtoto anasikia. Anasikia sana. Tena alisikia mambo ambayo watu hawakujua wameyasema.

Kwa mfano, alimsikia Shangazi jikoni juzi, anaongea huku anachambua mchele, kama anaongea na mchele. Bega lake la kulia lilichomoka msimu uliopita, pale kijito kinapodondoka, mahali wanapopaita Kabati. Mama, ambaye ni nesi, alilirudisha palepale juu ya mawe. Tangu hapo Shangazi hakuingia majini. Pipa likimwagika alikuwa anakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asilisikie, mpaka Mama aje kumvutia kwenye gari. Lakini kimyakimya alikuwa anafunga mpira wa tairi kwenye kitasa cha mlango, anavuta, anaachia, anavuta, mpaka daktari akamwambia haya, unaweza kujaribu, taratibu.

"Nitaenda mara moja tu," aliuambia mchele. "Nikiona mwili umegoma, kayaki naigawa, naachana nayo. Sitaki kuwa yule mtu anayengojwa na kuonewa huruma."

Kobe alisimama mlangoni na sahani mkononi. Lakini tangu siku ile alikuwa analala akiwaza nyumba isiyo na kayaki ya tatu.

Nje, kayaki zilikuwa zimefungwa juu ya gari, nyekundu ya Shangazi katikati. Kobe alizunguka kukaza kamba, akamkuta Baba amepanda kwenye tairi, mkono umezama hadi kwapani ndani ya ile nyekundu, anavuta kitu kwa siri kama mwizi wa kuku. Ukatoka ule mkoba mweusi unaokaa nyuma ya kiti. Ndani yake kulikuwa na kamba ya kumrushia mtu aliyeangukia majini, kasia la akiba la kuunganisha vipande, boksi la dawa na chupa ya chai. Uzito wake kama mtoto wa kutambaa. Baba akausokomeza kwenye kayaki yake, juu ya mkoba wake mwenyewe.

Alipomwona Kobe akaweka kidole mdomoni.

"Bega lake lile," alinong'ona. "Asihangaike na mzigo. Usimwambie, atanuna mpaka mvua nyingine."

Kobe akatikisa kichwa kukubali. Aliona ni jambo zuri. Hata alimpenda Baba kidogo zaidi, pale juu ya tairi, na tope kwenye magoti.

Mama aliwashusha juu, kwenye kalavati, mahali kijito kinapopita chini ya barabara. Yeye angezunguka na gari kuwangoja kule chini. Kabla ya kuondoka alimfuata Shangazi, akambonyeza bega kwa dole gumba, mbele, nyuma, kwa pembeni.

"Kiwiko chini, wifi. Usinyanyue mkono kama mwanafunzi anayejua jibu."

"Sawa, nesi."

"Likichomoka tena usiniite. Muite fundi bomba."

"Fundi bomba ana adabu kuliko wewe."

Walicheka wote wawili, lakini mkono wa Mama ulibaki juu ya lile bega, ukakaa pale kwenye mvua kama umesahauliwa. Halafu akaingia kwenye gari.

Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yananuka udongo mpya. Walijibana kwenye kayaki, wakavuta sketi za mpira kufunika matundu ya kukalia ili maji yasiingie. Shangazi ndiye aliyezishona zote tatu. Baba akatangulia, Shangazi katikati, Kobe nyuma, kama ilivyokuwa siku zote.

Kobe alijifunza kijito kwa kuangalia mgongo wa Shangazi. Mgongo ukiegemea kushoto na yeye anaegemea kushoto. Kasia likichovya anachovya. Shangazi alikuwa akishuka kwenye kidaraja cha maji, pale yanapodondoka kama ngazi moja, unaona anatua mlalo, polepole, kama mtu anayeweka sahani mezani wageni wakiwa wamelala. Ndivyo Kobe alivyomkumbuka, na ndivyo alivyotegemea kumwona.

Sivyo alivyomwona.

Kwenye kidaraja cha kwanza kabisa, kimo cha kiti tu, pua ya kayaki nyekundu ilizama ndani kama bata anayetafuta wadudu. Maji yakamfika Shangazi kifuani. Akatoka anapepesa macho. Cha pili, vilevile. Cha tatu alijiandaa, Kobe aliuona mgongo ukikusanya nguvu, akalivuta kasia mahali penyewe, kwa wakati wake, na bado pua ikazama, ikamgeuza ubavu, akajikamata kwa tabu asipinduke. Aliingia nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo maji hutulia na mtu anaweza kupumua. Mahali kama hapo wao walipaita kibaraza. Akakaa hapo, anapumua. Hakugeuka kumtazama Kobe.

"Vipi huko?" Baba alipiga kelele kutoka chini.

"Salama!" alijibu. Sauti yake haikuwa na salama yoyote.

Na Baba naye alikuwa na yake. Kayaki yake ilikuwa imeinua pua juu kama mbwa anayenusa jirani amepika nini. Walipofika Kinyozi, ule mchirizi mwembamba ambao matawi yake hukwangua kila helmeti inayopita, mkia wa kayaki yake ulinaswa na maji, akazungushwa, akapita Kinyozi kizima kinyumenyume, macho yamemtoka.

"Nilitaka kuona kama mnakuja!" alisema walipomfikia.

Siku nyingine Shangazi angemsema mpaka nyumbani. Leo alimpita tu, macho kwenye maji. Kobe akaanza kusikia baridi ambayo haikutoka kwenye maji.

Baada ya Kinyozi kijito hupanuka, kinatengeneza bwawa dogo lililotulia. Upande wa kushoto kuna njia ya miguu inayopanda hadi barabarani. Mbele ya bwawa maji yanajikunja, yanapotea, na kutoka huko chini unasikia mngurumo. Hapo ndipo Kabati. Waliliita hivyo kwa sababu mtu akishuka vibaya anasikia kichwani kama vyombo vyote vimedondoka.

Shangazi alielekeza kayaki kushoto, ikagusa kokoto.

"Mimi naishia hapa," alisema.

Baba akasogea karibu. "Bega?"

"Bega halijambo. Bega ni zuri kuliko mimi." Alilaza kasia mapajani. "Nafanya kila kitu kama zamani. Naegemea palepale. Navuta palepale. Kayaki haiji. Asubuhi nzima nimekaa kama nimeazima mwili wa mtu, na mwenyewe hajui kupiga kasia."

"Dada..."

"Ngoja niseme mara moja, nisirudie. Kayaki hii mpe mtu atakayeitumia. Mimi nitakaa na wifi kwenye gari. Tutatafuta soga mpya."

Baba aliyaangalia maji. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo na papo hapo akaukumbuka. "Hakuna ubaya," alisema mwishowe.

Kobe alitamani Baba angesema neno lingine, neno lolote lile. Kwa sababu aliposikia "hakuna ubaya", Shangazi aliinamisha kichwa, akaanza kuvua sketi ya mpira pembeni, kidogo kidogo, kwa vidole vya mtu anayefumua nguo ya marehemu.

Ndipo Kobe alipoona. Walikuwa kwenye maji matulivu sasa, na kwenye maji matulivu kila kitu kinaonekana. Kayaki nyekundu ilikuwa imeinamia mbele, mkia uko juu kabisa, mtu angepitisha mkono chini yake bila kulowa. Na ya Baba, pembeni yake, ilikuwa kinyume: mkia umezama, pua angani. Zilikaa pamoja kama watoto wa bembea, mmoja chini, mmoja juu.

Mkoba.

"Mkoba," Kobe alisema.

Hakuna aliyesikia. Kabati lilikuwa linanguruma, na sauti ya Kobe hata mezani ilikuwa inaombwa irudie.

"Baba. Mkoba."

"Eh? Umesemaje, mama?"

Akamtazama Baba, akakumbuka kidole mdomoni, na jinsi alivyokubali kwa kichwa. Akamtazama Shangazi, ambaye sketi ilikuwa imebaki upande mmoja tu. Akavuta pumzi mpaka jaketi la kuelea likambana.

"BABA AMETOA MKOBA WAKO!"

Ndege wawili waliruka kutoka kwenye kichaka. Baba alishtuka, kasia likamponyoka, akalidaka. Kobe mwenyewe aliziba mdomo kwa mkono wenye maji.

Shangazi alimtazama. Halafu, polepole, alipeleka mkono nyuma ya kiti. Akapapasa kushoto. Akapapasa kulia. Akapapasa tena katikati, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni na anajua fika hazimo.

"Mkoba wangu uko wapi?"

Baba alikuwa anaangalia mawingu.

"Nilikuwa... napunguza mzigo."

"Unapunguza."

"Kwa ajili ya bega."

"Nani alitoboa matundu mapya ya kiti hiki?"

"Dada, ile ilikuwa zamani."

"Nauliza nani alitoboa."

"Mimi."

"Ukasogeza kiti wapi?"

"Mbele."

"Kwa nini mbele, fundi?"

Baba alijibu kwa sauti ya mtoto aliyesimamishwa ubaoni. "Ili kulingana na uzito wa mkoba."

"Kwa hiyo ukiutoa mkoba?"

Alifumba macho. Kobe aliona jibu likimfika, likimshuka kutoka kwenye helmeti mpaka shingoni.

"Pua inazama," alisema.

"Inazama!" Shangazi alipiga maji kwa kofi. "Asubuhi nzima nakunywa maji ya mlima! Nimekaa humu ndani najizika mwenyewe, nimeshafika kwenye hotuba za msiba, kumbe nimechukuliwa mkoba! Na wewe umebeba miwili! Ndiyo maana umepita Kinyozi kwa makalio!"

"Nilisema nilitaka kuona kama..."

"Nyamaza!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kayaki ikatetemeka na vijiviringo vikaenda hadi ng'ambo ya bwawa. Kobe naye alianza, na Baba akathubutu kidogo. Kisha kicheko cha Shangazi kilibadilika katikati, bila kumwomba mtu ruhusa, na wakaona analia, uso wazi, mvua inamsaidia.

Baba alisogeza kayaki mpaka zikagusana. Alishika ukingo wa ile nyekundu.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini?"

"Siku ile bega lilipochomoka ulipiga ukelele. Hata mama yetu alipofariki hukulia mbele yetu. Mimi nakujua hulii. Siku ile nikausikia, na bado nausikia. Nikiwa juu ya tangi la mtu nayeyusha plastiki, nausikia." Akajifuta pua kwa mkono wa jaketi. "Nikasema, angalau nimpunguzie hata kidogo."

Shangazi alinyoosha mkono. Aliivua helmeti ya Baba, akampangusa kichwa kwa kiganja kama anaondoa chawa, akamvika tena, vibaya, ikakaa upande.

"Ukiogopa, niambie," alisema. "Uje kwenye cherehani, useme dada naogopa. Usiniibie mkoba."

"Sawa."

"Sema."

"Dada, naogopa."

"Hata mimi. Haya, lete mzigo wangu."

Ulirudi nyuma ya kiti, ukafungwa kwa ile kamba yake. Shangazi alifunga sketi, akaondoka ufukweni. Mzunguko mmoja kwenye bwawa, kulia, halafu kushoto. Alivuta kasia mara moja kwa nguvu, na pua nyekundu ikanyanyuka juu ya maji, nyepesi.

"Ee," alisema kwa sauti ndogo, akiipapasa kayaki ubavuni. "Hujambo, bibie."

Walitoka wote wakaenda kulitazama Kabati kutoka juu ya jiwe, kama walivyofanya kila mara. Maji yalijaa vizuri. Ulimi wake laini, mahali maji yanapoteleza bila povu, ulikuwa upande wa kushoto, na chini yake povu jeupe linachemka.

"Njia ya miguu ipo," Baba alisema. "Sisemi upite. Nasema ipo."

"Nimeiona. Kuna kingine umeiba?"

"Hapana."

"Basi kaa hapa na kamba. Na huyu mpiga kelele atatangulia."

Kobe aligeuka kuona ni nani aliye nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Ukae kule chini unipokee."

"Mbele sijawahi."

"Umeniangalia mgongo tangu ukiwa na meno ya utoto. Unaijua njia. Kushoto, ulimini, na usiache kuvuta mpaka utue."

Kobe alikaza mkanda wa helmeti. Aliingia kwenye kayaki, akasukuma, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mgongo wa mtu mbele yake, ila maji na ule ukingo yanapopotelea. Kushoto. Ulimini. Akavuta, akavuta, ukingo ukafika, akaona chini kote kwa mpigo, povu, mawe meusi, bwawa la chini, akavuta mara ya mwisho na kitu kikamwachia. Akatua. Maji yalimpiga usoni, akatoka ng'ambo, yuko juu, kasia liko mkononi, na sauti aliyoisikia ikishangilia ilikuwa yake.

Aliingia kwenye kibaraza cha chini, akageuka.

Kutoka hapo huoni bwawa la juu. Unaona ukuta wa maji na ukingo wake, na mbingu ya kijivu. Baba alikuwa juu ya jiwe, kamba mkononi, miguu imetanuka, helmeti bado upande. Alimtazama mtu ambaye Kobe hakumwona, akanyanyua mkono.

Hakuna kilichotokea.

Kobe alishika jiwe ili asisogee. Alijiambia akighairi si kitu. Atapita kwa miguu, atashuka kwenye mawe, tutaenda. Alijiambia hivyo na hakujiamini hata kidogo. Baba bado ameinua mkono. Huenda Shangazi anavua sketi. Huenda amekaa tu. Kobe akajikuta anasema peke yake, kwa sauti, kiwiko chini, Shangazi, kiwiko chini, kiwiko chini.

Kisha pua nyekundu ikachungulia ukingoni.

Ilitoka juu, kavu, haraka. Nyuma yake Shangazi, mabega yote mawili yamelala, kiwiko kimebana ubavuni, mdomo umefungwa kwa ukali kama wakati anatunga uzi kwenye sindano. Akavuta kasia mara ya mwisho. Kayaki iliruka kidogo kabisa, ikatua mlalo, *pwaa*, ikapita juu ya povu na haikumlowesha hata shingo. Ikaja moja kwa moja kibarazani, ikaigonga ya Kobe ubavuni. Shangazi akakamata ukingo wake na kushikilia.

Walikaa hivyo. Alikuwa anahema.

"Bega?" Kobe aliuliza.

"Lipo."

"Lipo vipi?"

"Linanung'unika. Lakini halijagoma."

Juu ya jiwe Baba alikuwa anarukaruka, anapunga, anapiga kelele zinazomezwa na maji. Kamba ilikuwa imemzunguka mguu.

"Anasemaje huyo?"

"Anauliza kama uko mzima."

"Mwambie nimekufa."

Kobe aliweka viganja mdomoni. "AMESEMA AMEKUFA!"

Baba aliacha kuruka. Akakaa chini palepale juu ya jiwe, na kamba yake, akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakawa yanacheza, hawakujua kwa kicheko au kwa nini. Walimwacha amalize. Mvua ilikuwa inapungua. Bado kulikuwa na nusu ya kijito mbele yao, na ingebidi waondoke sasa hivi kama walitaka kuikuta. Lakini Shangazi hakuachia ukingo wa kayaki ya Kobe, na Kobe hakumwambia aachie.